Pia huanguka kwanza: namna ya kuiona presesheni na nutesheni kwa macho yako

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza swali ambalo siku ile sikuweza kulijibu. Nilikuwa nimechora ubaoni pia, kile kichezeo kinachozunguka juu ya ncha yake, ikiwa imeinama, mshale wa uzito ukielekea chini na mshale mwingine ukielekea kando, nikaeleza kama nilivyokuwa nikieleza kila mwaka: uzito unataka kuiangusha, lakini kwa kuwa inazunguka kwa kasi haianguki, bali mhimili wake unazunguka polepole. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, nikiishika ikiwa imeinama hivyo hivyo halafu nikaiachia, nani anaisukuma kwenda kando? Mimi nimeiachia tu, na uzito unavuta chini."

Nilimwambia aitazame tena ile mishale. Akakaa, lakini uso wake ulionyesha hajaridhika, na alikuwa na haki. Jibu nililipata baadaye, mezani kwangu, nikiwa na CD tatu zilizokwaruzika na kipande cha penseli. Pia huanguka kweli. Ukiiachia inakwenda chini kwanza, na kule kuanguka ndiko kunakogeuka kuwa mwendo wa kando. Anguko lenyewe ni la milimita moja hivi, ndiyo maana wengi wetu tunafundisha kana kwamba halipo.

Nataka ulione anguko hilo. Kabla ya kuanza, tukubaliane maneno mawili. Presesheni ni ule mzunguko wa polepole wa mhimili ulioinama, ncha ya juu ikichora duara hewani. Nutesheni ni kuinama na kuinuka kwa mhimili huo wakati ukizunguka, kama kichwa cha mtu anayeitikia "ndiyo, ndiyo". Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, na maana yake ni hiyo hiyo ya kuitikia kwa kichwa.

Kutengeneza pia

Tafuta CD 3 zisizotumika, penseli ya mbao iliyonyooka, kizibo laini kinachokaza kwenye tundu la CD, msumari mwembamba, gundi, uzi imara, karatasi ngumu, na chupa ya kioo yenye kifuniko cha bati. Utahitaji vilevile simu inayorekodi video ya mwendo wa taratibu. Picha 240 kwa sekunde zinatosha kabisa.

CD ina kipenyo cha sentimita 12, tundu la milimita 15, na uzito wa gramu 15 hivi. Nazipenda kwa sababu kiwanda kimeshakumalizia kazi ngumu: duara ni duara kweli, na tundu liko katikati. Pia ya kuchonga kwa mkono huchezeka vizuri sana, lakini hapa tunataka pia linganifu, yaani ile ambayo ukiinamisha mhimili wake upande wowote inakupa ukaidi uleule. Ulinganifu huo ndio uliomwezesha mwanahisabati Lagrange, katika karne ya 18, kuukokotoa mwendo wa pia hii hadi mwisho. Pia isiyo linganifu ni mnyama mwingine. Kwa jumla mwendo wake haupatikani kwa fomula.

Paka gundi, pandanisha CD tatu, zilaze mezani na uzizungushie vitabu vitatu vilivyosimama vikigusa ukingo wake ili zisiteleze gundi ikikauka. Kata penseli ibaki sentimita 9 pamoja na ncha utakayoitia. Usiiache ndefu kwa kufikiri itakuwa rahisi kushika. Penseli ndefu hubadilisha hesabu yote, na mbele nitakueleza mtego wake.

Ncha ndiyo inayohitaji mkono uliotulia. Ile risasi nyeusi ya penseli ndiyo alama yako ya katikati. Itoboe kwa sindano, kata kichwa cha msumari, uingize upande uliokatwa, ubakize ncha nje milimita 5. Zungusha penseli vidoleni mbele ya dirisha: ncha ikionekana imesimama palepale, umefaulu, ikionekana inachora kijiduara, chomoa uanze tena. Mimi nilirudia mara nne. Kisha pitisha penseli kwenye kizibo, kizibo kwenye tundu, na usogeze mpaka CD zikae sentimita 1.5 juu ya ncha.

Sasa kitako. Jaza chupa mchanga, ifunge, na ugonge kifuniko kwa msumari katikati mpaka kipate kishimo, bila kukitoboa. Pia itasimama humo. Usiiweke mezani: kwa urefu huo, ukingo wa CD utagusa meza pia ikiinama digrii 14 tu, nasi tunataka 20. Kishimo kina kazi nyingine. Ncha inayotembea juu ya meza husuguana nayo, na msuguano huo huinua pia mpaka isimame wima kana kwamba haizunguki. Ni jambo zuri kulitazama, lakini linafuta kile tunachokitafuta.

Kagua mizani kwa kuilaza penseli juu ya kingo za rula mbili zilizosimama sambamba, CD zikining'inia katikati. Upande mmoja ukishuka kila mara, bandika kipande kidogo cha utepe upande wa pili. Mwisho, tia doa jeupe juu kabisa ya penseli, na kipande cha utepe mweupe ukingoni mwa CD. Doa litakuonyesha mhimili unakwenda wapi. Utepe utakuhesabia mizunguko.

Kuiachia

Hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibikia. Ukiizungusha pia kwa vidole na kuitupa, unaipa msukumo wa kando bila kujua, na hutajua tena kilichotoka kwako na kilichotoka kwenye uzito. Inatakiwa iwe inazunguka, imeinama, na mhimili wake umetulia tuli kabla hujaiachia.

Kunja karatasi ngumu iwe bomba la sentimita 6 linaloteleza kwenye penseli bila kuchezacheza. Livishe juu ya penseli sentimita 2 tu. Sehemu iliyobaki ni mpini wako. Chini ya bomba, zungushia penseli uzi wa sentimita 20. Shika bomba kwa mkono mmoja, inamisha pia digrii 20 hivi kwa kupima na kipimapembe, kisha vuta uzi kwa mkono wa pili.

Vuta kwa upole. Najua mkono unataka kuvuta kwa nguvu zote. Mimi vilevile nilianza hivyo, na kwa siku kadhaa sikuona chochote. Uzi wa sentimita 20 huizunguka penseli mara 9 hivi. Ukiuvuta wote kwa sekunde 3, mkono ukiongeza kasi sawasawa, pia inafikia karibu mizunguko 6 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi tunayoitaka. Uzi ukishatoka, tulia kidogo, kisha chomoa bomba kwa kufuata mwelekeo wa penseli, kama unavyochomoa kifuniko cha kalamu. Ukilinyanyua wima litaigonga penseli kando na itabidi uanze upya.

Simu iwe juu, ikitazama chini, na mwanga uwe mwingi. Kisha cheza video picha baada ya picha.

Mara ya kwanza nilipoliona, nilisimamisha video nikainuka kwenye kiti. Doa jeupe halikwenda kando. Lilishuka nje kwanza, kama kitu chochote kinachoangushwa, halafu njia yake ikapinda, likakimbia kando, likaanza kupanda, likafika kimo kilekile lilipoanzia na hapo likasimama kwa kitambo kidogo sana. Kisha likaanguka tena. Upinde, kichongo (ile ncha kali pale doa linaposimama), upinde, kichongo, ukizunguka kishimo. Ni mchoro uleule unaochorwa na doa kwenye tairi la baiskeli linalobiringika: kila linapogusa ardhi husimama kidogo, kisha hupiga upinde mwingine. Hapa pinde zimegeuzwa zikatazama chini.

Sasa badilisha namna ya kuachia. Unapochomoa bomba, lisogeze kidogo kinyume na upande ambao presesheni inakwenda: vichongo vitageuka vitanzi, doa likirudi nyuma kidogo kila linapofika juu. Lisogeze kuelekea upande uleule wa presesheni, polepole: vichongo vinalainika na kuwa mawimbi. Ukibahatika kulisogeza kwa kasi ileile ya presesheni, mawimbi yanatoweka na doa linachora duara safi. Duara safi la vitabuni, lile nililokuwa nikilichora ubaoni, ni tukio hili moja tu la bahati. Na ukilisukuma kwa kasi zaidi ya hiyo, pia inapanda kwanza badala ya kushuka.

Kwa nini

Kaa na pia yako, ukiitazama kutoka juu, ikizunguka kinyume cha mishale ya saa na ikiwa imeinama kuelekea mbele yako. Uzito unaisukuma sehemu ya mbele ya CD ishuke. Lakini chembe iliyoko mbele haikai mbele. Inapopata ule msukumo wa kwenda chini tayari iko safarini kuelekea kushoto kwako, na kushuka kwake kunakamilika robo mzunguko baadaye. Kwa hiyo upande unaoshuka ni wa kushoto, si wa mbele. Mhimili uliokuwa umeinama mbele sasa unaelekea kushoto. Ndiyo maana presesheni ya pia hufuata upande uleule inakozunguka pia yenyewe.

Kanuni hiyo ya robo mzunguko haichagui. Mwendo wowote wa mhimili hugeuzwa robo kwenda kushoto. Unapoiachia, mhimili hauna mwendo wa kando, hivyo hakuna kinachoupinga uzito, na pia inaanguka. Kuanguka kunageuzwa kushoto: mwendo wa kando umezaliwa. Mwendo huo wa kando nao unageuzwa robo tena, na robo nyingine kutoka kushoto ni nyuma, yaani kuelekea juu. Kwa hiyo kadiri doa linavyokimbia kando, ndivyo linavyonyanyuliwa. Linafika mahali ambapo kunyanyuliwa kunauzidi uzito, pia inapanda. Na kule kupanda, kwa kanuni hiyo hiyo, kunaumeza mwendo wa kando mpaka unakwisha. Doa limerudi kwenye kimo lilipoanzia, tuli, bila kinachoupinga uzito. Linaanguka tena.

Hilo ndilo jibu nililompelekea yule kijana. Hakuna aliyeisukuma kando. Anguko lenyewe limegeuzwa. Msuguano wa ncha na wa hewa hula nutesheni kidogo kidogo, na inayobaki ni presesheni laini iliyo chini kidogo ya kimo ulichoiachia. Ule upungufu wa kimo haurudi. Nishati ya mwendo wa kando ilitoka hapo.

Namba, ili uzipime

Presesheni inapatikana kwa kugawanya: Mgl ÷ (I × ω). M ni tungamo, g ni mvuto wa dunia, yaani 9.81, l ni umbali kutoka ncha hadi kitovu cha uzito, I ni ukaidi wa pia kuzungushwa kwenye mhimili wake, na ω ni kasi ya mzunguko kwa radiani kwa sekunde. Fomula hii ni ya pia inayozunguka haraka sana kuliko inavyopreseshi. Kwa yetu inafaa.

Kwa pia niliyokueleza, kizibo na msumari nikiviacha nje, M ni gramu 47.5, l ni sentimita 1.66, na I ni 0.0000823 kwa kilogramu na mita za mraba. Ikizunguka mara 10 kwa sekunde, inamaliza duara moja la presesheni kwa sekunde 4.2. Ikipungua hadi mara 5, duara linachukua sekunde 2.1. Hili watu hulishangaa: pia inavyochoka ndivyo presesheni inavyoharakisha. Pima kwa saa ya kusimamisha na uhesabu utepe kwenye video. Nilipopima yangu, tofauti na hesabu ilikuwa ndogo kiasi cha kunitosheleza.

Kina cha nutesheni hufuata sheria kali zaidi. Pia ikiachiwa tuli, anguko lake ni 2 × J × Mgl × sin θ ÷ (Iω)², ambapo J ni ukaidi wa pia kuinamishwa kwenye ncha yake na θ ni pembe iliyoinama. Jibu ni pembe kwa radiani: lizidishe kwa urefu wa penseli upate mwendo wa doa. Angalia ule mraba. Kwa pia yetu J ni karibu 0.000058, na ikiinama digrii 20 kwa mizunguko 10, juu ya penseli doa linashuka milimita 1. Kwa mizunguko 5 linashuka milimita 4. Kwa mizunguko 20 ni robo ya milimita, nayo inatetemeka mara 28 kwa sekunde. Jicho halina namna ya kuikamata. Pia nzuri, iliyozungushwa kwa nguvu, ndiyo inayoficha siri yake vizuri kuliko zote. Ndiyo sababu nakusihi uvute uzi polepole.

Idadi ya kuitikia kwa sekunde ni I ÷ J mara idadi ya mizunguko. Kwetu ni 1.4, kwa hiyo kwa mizunguko 5 unapata mitikio 7 kwa sekunde, na karibu pinde 15 katika duara moja la presesheni. Zihesabu.

Uwiano huo wa I na J ndio ulionipotezea wiki nzima. Pia yangu ya kwanza nilizipandisha CD hadi sentimita 3 juu ya ncha. Video ilionyesha doa likitikisika vizuri sana, nikachora grafu, nikafurahi. Kilichonishtua ni kwamba mtikisiko haukufifia hata baada ya nusu dakika, na haukubadilika hata nilipobadilisha namna ya kuachia. Nilipohesabu picha za video, doa lilitikisika mara moja kamili kwa kila mzunguko wa utepe. Haikuwa nutesheni. Tundu la kizibo nilikuwa nimelitoboa upande kidogo, na penseli iliyopinda ilikuwa ikichora kijiduara chake. Kwa kimo hicho I ÷ J ni karibu 0.93, hivyo nutesheni halisi na mtikisiko wa kupinda huenda kwa kasi inayokaribiana na kujichanganya pamoja. Penseli ndefu hukurudisha kwenye mtego huo huo hata CD zikiwa chini, kwa kuwa huongeza J.

Kwa hiyo kabla hujaamini pinde zako, jiulize mambo mawili. Je, zinafifia kadiri muda unavyokwenda? Je, idadi yake ni tofauti na idadi ya mizunguko? Nutesheni hujibu ndiyo kwa yote mawili. Kupinda hujibu hapana.

Neno kuhusu dunia, kwa sababu mwanafunzi akisikia presesheni hukimbilia huko. Dunia ni nene kwenye ikweta, nusu kipenyo chake huko kikizidi kile cha kwenye ncha zake za kaskazini na kusini kwa kilomita 21 hivi, na Jua na Mwezi huvuta unene huo. Mvuto unajaribu kuunyoosha mhimili badala ya kuuangusha, kwa hiyo presesheni ya dunia inakwenda kinyume na mzunguko wake, duara moja kwa takribani miaka 26,000. Mwanaastronomia James Bradley alitangaza nutesheni ya dunia mwaka 1748, yenye mzunguko wa miaka 18.6. Lakini hiyo haikutokana na dunia kuachiwa kama pia yetu. Inatokana na njia ya Mwezi kugeuka taratibu na kubadilisha mvuto. Jina ni moja, chanzo ni mbali mbali, na ni vema kumwambia mwanafunzi hivyo mapema.

Rudi kwenye chupa. Usizime kamera pia ikianza kuchoka. Chini ya mizunguko 4 kwa sekunde pinde zinapanuka kiasi cha kuonekana kwa macho matupu, na presesheni inakimbia mpaka unapata shida kuifuata. Fomula zangu fupi hapo zinaanza kukosea, maana zilidhani nutesheni ni ndogo. Ukitaka kujaribu pia iliyosimama wima kabisa, mpaka wake ni mizunguko 2.6 kwa sekunde: juu ya hapo mguso mdogo hauiangushi, chini ya hapo inajiondokea yenyewe. Iguse kwa unyoya kila baada ya sekunde chache huku ukirekodi, kisha rudi kwenye video uhesabu utepe ulikuwa ukipita mara ngapi kwa sekunde pale mguso ulipoishinda.